Slaidi Tano za Bi Mashaka

Pale zahanati walimwita Bi Mashaka, na mwenyewe hakukana. Mumewe akimwambia nje kuna mvua, alitoka kwenda kutazama. Lakini maabarani mashaka hayo yalimfaa: ndiye aliyemgundua dereva mmoja aliyeleta mkojo wa mkewe akidai ni wake. Mtu wa namna hiyo usimcheke. Siku ukiugua utamtaka yeye.

Basi ikaja bahasha ya mtihani. Ndani mlikuwa na slaidi tano za damu, zimetumwa na wakaguzi ili waone kama maabara inasoma malaria sawasawa. Sharti lao lilijulikana: zisomwe kama za wagonjwa, na kilichoonekana ndicho kiandikwe. Mwaka uliotangulia maabara ilikuwa imeanguka. Ikianguka tena, ingezuiwa kupima malaria.

Bi Mashaka akakaa kwenye darubini, akasoma zote. Hakuona kimelea hata kimoja. Akaandika daftarini: hakuna, hakuna, hakuna, hakuna. Kalamu ikasita.

"Tano zote safi? Mtihani gani huu? Hawa wanatutega."

Mwenzake wa benchi, waliyemwita Polepole, naye akasoma zote.

"Safi, dada. Tujaze fomu tutume."

Haraka hiyo ndiyo iliyomtia wasiwasi. Mtu anayemaliza nusu saa kwenye kikombe kimoja cha chai, leo anaharakia nini? Tena Bi Mashaka akiondolewa, ni nani atakayekalia kiti chake cha usimamizi kama si huyuhuyu? Kikulacho ki nguoni mwako, akajisemea. Akarudi kwenye darubini mara ya pili, ya tatu, ya nne, hadi macho yakamwasha. Mara ya tano, pembeni mwa slaidi ya nne, akaona kidoa cha zambarau.

"Njoo uone! Nilijua tu!"

Polepole akainama, akatazama kwa muda mrefu. "Huo ni uchafu wa rangi, dada. Mgonjwa akija na hiki, utamwandikia malaria?"

"Mgonjwa hanitegi."

Akakata "hakuna" ya slaidi ya nne, akaandika kuwa vimelea vipo, akajaza fomu vivyo hivyo. Akatia sahihi, kisha akaipeleka fomu posta kwa miguu yake, maana hata tarishi hakumwamini.

Barua ilirudi baada ya wiki sita. Slaidi zote tano hazikuwa na kitu. Wakaguzi walitaka kujua ni maabara gani huona kisichokuwepo, na wamejua. Kuanzia siku hiyo, kipimo cha malaria kisimame.

Bi Mashaka aliona aibu. Akatafuta wa kumshuku, akamkosa. Polepole hakumsema hata kidogo, na hilo lilimuuma kuliko matusi. Alimletea tu karatasi na gundi, naye Bi Mashaka akaandika kwa mkono wake tangazo la kusimama kwa kipimo na kulibandika dirishani.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akalisoma. Akalisoma tena. Mtoto alikuwa amelegea, midomo imemkauka kwa homa.

"Sasa sisi twende wapi?"

"Hospitali kubwa."

"Ile ya mwendo wa saa tatu? Mashine imeharibika, au?"

Angeweza kuitikia tu, na yule mama angeamini.

"Mashine ni nzima, mama," akasema. "Ni mimi niliyeandika nisichokiona."