Nyangumi wa Mama Ngina

Mtaa mzima wa Kuze ulisema sitaweza, eti mtu aliyeshindwa kumuona kuku wa kwao uani ataonaje nyangumi baharini, na aibu niliyoipata siku ile ufukweni Mama Ngina ilikaribia kuwapa haki, lakini nisikilizeni kwanza.

Nilirudi kutoka Uarabuni na diploma yangu, nikajiunga na mafunzo ya uangalizi wa mamalia wa baharini. Unakaa juu ya meli inayopima chini ya bahari kwa mitambo ya kelele, nyangumi akikaribia unasema, na mitambo yote inazimwa kwa neno lako. (Neno langu mimi, jamani.) Ada niliikopa kwa watu, sehemu kubwa kwa Ami Swaleh, baba yake Rukia, binti niliyetaka kumuoa; wiki ile ile nilimpelekea posa, akasema atafikiri.

Jumamosi jioni nikaenda Mama Ngina na darubini kufanya mazoezi. Mwalimu alishatuonya tusitangaze kitu kabla hakijajulikana vizuri, lakini palikuwa na watu wengi wanakula mihogo, na mimi nikiona watu siwezi kunyamaza. Mbele ya mawe nikaona mgongo mkubwa unaelea, unang'aa, unarusha maji juu (darubini sikuirekebisha, nilikuwa natazama nani ananitazama).

“Nyangumi,” nikasema, kwa sauti ya diploma.

Watu wakajaa, simu zikatoka, magari ya matajiri wa Kizingo yakasimama, nami nikaeleza bila kuulizwa kwamba ni dume, umri umesogea, na kwa tumbo lile lishe yake ni nzuri mno (mgongo ulishageuka tumbo, sikushtuka), mpaka nyangumi akanyanyua mkono akajikuna kichwa.

Muuza mihogo akaniinamia. “Kaka, huyo ni mteja wangu.”

Ami Swaleh akatoka majini akapanda juu, kikoi kimemganda, simu zote zinamrekodi.

“Nani alosema nina lishe nzuri?”

Umati mzima ukanionyesha mimi.

Tangu siku hiyo hata mvua siitangazi mpaka iniloweshe. Cheti nilikipata, meli nilipanda, na juzi nimemlipa kila aliyenikopesha. Kwa Ami nilimalizia. Bahasha ya pesa hakuifungua. Aliichukua darubini yangu, akanielekezea usoni, hapo hapo mezani, akatazama kwa muda mrefu.

“Naona kitu,” akasema. “Chafanana na mkwe. Lakini tusiwe na haraka ya kutangaza.”