Paka wa Nkwimba

Wewe cheka tu. Wamecheka wengi kabla yako, na wengine walikuwa watu wazima wenye wajukuu. Mimi sinywi pombe, siku ile sikuwa na homa, na wala haikuwa usiku. Ilikuwa saa nane mchana, jua la Bariadi linachoma juu ya bati, na nilimwona kwa macho yangu haya haya. Ningefurahi sana kama ingekuwa ndoto.

Nilikuwa bwana mifugo wa serikali kwa miaka mingi. Likaja soko huria, tukapunguzwa kazi, majosho ya kuogeshea ng'ombe yakakauka, na dawa za serikali zikaacha kuja. Nikafungua duka la dawa za mifugo karibu na mnada. Zamani dawa ilikuwa haitoki mikononi mwetu, ng'ombe tunamchoma wenyewe. Sasa mtu ananunua, anatia mfukoni, anakwenda kuchoma mwenyewe porini huko. Tulisema tumeendelea, na mimi nilikuwa wa kwanza kusema.

Msimu mmoja wa kulima, asubuhi ya mvua, alikuja Masunga kutoka Zagayu. Nilimfahamu. Mwaka uliotangulia nilikwenda kwenye zizi lake, nikamchoma ng'ombe wake sindano ya kuongeza uchungu, na ndama akatoka mbele ya macho yake.

"Ng'ombe wangu anashindwa kuzaa tangu jana," akasema. "Nipe ile sindano."

Sasa nisikilize vizuri. Sindano ile hulilazimisha tumbo la uzazi kukaza. Njia ikiwa wazi, inasaidia. Mtoto akiwa amekaa vibaya, tumbo linapasuka. Kwa hiyo huuzi kabla ya kuuliza: njia imefunguka, mtoto amelalaje, mama anasukuma tangu lini? Hayo niliyajua kama ninavyojua jina langu. Lakini duka lilikuwa limejaa watu, na mimi nilikuwa najisikia raha kujaza duka. Nikamfungia chupa na bomba la sindano kwenye gazeti. Mikono yake ilitetemeka hata akashindwa kufunga kile kifurushi kwenye baiskeli, nikamfungia mimi. Na nikamtania.

"Ng'ombe tu anakutetemesha hivi, siku mkeo akijifungua itakuwaje?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akapanda baiskeli akaenda zake kwenye matope, nami nikamsahau.

Ikapita miezi. Pamba ikavunwa, wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao, na Bariadi nzima ikawa vumbi. Ndipo siku hiyo, saa nane, akaingia mwanamke kijana amejitanda khanga, mkononi ana kikapu.

"Mwadila, baba," akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu," nikamwitikia, yaani mama.

Nikatazama miguu yake. Niamini, sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa nimefagia baraza mara mbili tangu asubuhi, na kila mteja aliyeingia aliniletea vumbi upya. Miguu ya huyu ilikuwa safi, peku, haina hata chembe. Nikajiuliza amepita wapi.

"Paka wangu anashindwa kuzaa," akasema. "Anasukuma tangu alfajiri."

Nikacheka, Mungu anisamehe. Nimezalisha ng'ombe, mbuzi, hata punda. Lakini paka? Kwetu paka ni wa kukamata panya ghalani, nani alishamwitia daktari? Tena wengi wanamwogopa kwa mambo ya uchawi. Ukisema umemtibu paka, wanakuuliza kwanza ni wa bibi gani.

"Mayu, mimi ni wa ng'ombe."

"Najua wewe ni wa ng'ombe," akanijibu. "Ndiyo maana nimekuja kwako."

Nikachungulia kikapuni. Paka wa kijivu mwenye sikio moja jeupe, ulimi nje, anahema haraka haraka. Akajikaza, akalia kidogo, hakuna kilichotoka. Nikamhurumia. Nikafungua boksi la barafu, nikatoa chupa ya sindano ile ile ya ng'ombe, nikavuta kidogo kwa kukisia, nikainua ngozi ya shingo yake.

Mwanamke akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi kama chupa niliyotoka kuishika.

"Umeangalia njia kwanza?"

Nikaona haya. Yaani mimi niliyesomea kazi hii nafundishwa na mtu wa kikapu! Nikaweka bomba chini, nikanawa kwa sabuni, nikapaka kidole kidogo mafuta ya mgando, nikaangalia. Mtoto alikuwa amekuja kwa matako, miguu imekunjwa mbele, amekwama pale mlangoni. Ningechoma, paka yule angepasuka tumbo mezani pangu.

Nikafanya kazi taratibu. Paka akisukuma namvuta mtoto kuelekea chini, akipumzika napumzika. Wa kwanza akatoka amekufa. Baada yake wakatoka wawili wazima, mmoja baada ya mwingine, na mama yao akaanza kuwalamba. Nilifurahi, siwezi kukuficha. Nikamgeukia yule mwanamke nimpe pongezi.

Alikuwa anamtazama yule mfu niliyemlaza kwenye gazeti.

"Alikaa vibaya tu," akasema. "Wangu pia."

"Pole, mayu."

"Mimi aliyenichoma hakuangalia. Mpeleke paka Zagayu, kwa Masunga, karibu na lambo la kunyweshea ng'ombe. Awe wa bibi Kabula. Mwambie Masunga kilichokuwa ndani ya ile chupa. Wabeja, baba, asante."

Nikainama kuwafunika watoto kwa kitambaa. Nilipoinuka, hayupo. Nikatoka barazani mbio. Palikuwa na mchungaji mmoja amekaa mlangoni anasubiri dawa ya kupe.

"Huyu mama ameelekea wapi?"

"Mama yupi?" akaniuliza. "Mimi nashangaa tu, mzee, unaongea na paka tangu saa ile."

Kesho yake nikafunga duka, nikapakia kikapu kwenye baiskeli, nikaenda hadi Zagayu. Masunga alipoona sikio lile jeupe akarudi nyuma hatua mbili.

"Huyu umempata wapi? Ni paka wa Nkwimba, mke wangu. Alipotea siku tuliyomzika."

Nikamuuliza Nkwimba alifariki lini. Akatazama chini.

"Siku ile niliyokuja kwako."

Hakukuwa na ng'ombe. Mto ulikuwa umejaa, gari halipiti, ila mtu anavuka kwa miguu na baiskeli begani. Kabula, mkunga mzee wa jirani, alimwambia kabisa kwamba mtoto amekaa vibaya na mgonjwa abebwe kwa kitanda hadi hospitali. Akatoka kwenda kutafuta vijana wa kubeba, nao walikuwa wametawanyika mashamba ya mbali, ikamchukua saa nyingi. Masunga hakuweza kusubiri huku mkewe analia. Alishaona sindano ile ikimwokoa ng'ombe. Akaja kwangu, akasema ng'ombe kwa kuogopa nisingemuuzia, akarudi akamchoma kabla Kabula hajarejea. Nkwimba alipiga ukelele mmoja, damu ikatoka, na basi.

"Kabula alimloga," akasema Masunga. "Alimwacha peke yake makusudi. Juzi wamemchomea nyumba, amejificha kwenye ghala la pamba. Keshokutwa majirani wanakutana juu yake."

Wewe mtu wa huku unajua mikutano ile iliishia wapi miaka ile, bibi kizee akishatajwa.

Nakwambia ukweli: nilitaka kunyamaza. Hakuna aliyenijua katika habari ile. Ningemwacha paka pale, nikarudi dukani kwangu, na mtu angekufa kwa kosa langu bila jina langu kutajwa. Paka akalia kikapuni. Nikakaa chini kwenye vumbi, nikamweleza Masunga sindano ile hufanya nini kwa tumbo lililozibwa.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza:

"Kwa hiyo ni mimi?"

"Ni sisi wawili," nikamjibu. "Wewe ulichoma. Mimi nilijua, nikauza bila kuuliza."

Hakulia. Aliingia ndani akatoka na lile bomba la sindano, alikuwa amelihifadhi limefungwa kwenye gazeti langu lile lile, akaniwekea mkononi.

Kwenye mkutano nilisema yote mbele ya watu, na Masunga akasimama baada yangu akasema yake. Wengine walinitukana. Lakini Kabula alitoka ghalani akiwa hai, wakamjengea nyumba nyingine, akaishi na paka yule hadi wote wawili wakazeeka. Masunga aliuza pamba yake msimu ule, akaenda machimboni, na hajarudi mpaka leo. Mama yake alikuwa akinikuta mnadani ananiuliza kama nimesikia habari zake. Nilimjibu sijasikia, na nikakosa pa kutazama.

Mimi bado nina duka. Mtu akiingia, macho yangu yanashuka kwanza kwenye miguu yake, nione kama ina vumbi. Akiomba sindano ile namuuliza ni ya nani, anasukuma tangu lini, nani ameangalia njia. Wanakasirika, wanasema nina maswali kama polisi. Asiyeweza kunijibu, nafunga duka naongozana naye hadi kwake, hata kama ni Zagayu, hata kama ni paka.

Nawe unayeuza dawa, nakuonya. Akija mtu anatetemeka mbele ya meza yako, usimtanie. Muulize nani analia huko nyumbani kwake, na usimpe kitu mpaka akujibu.