Mji Ulioligeuzia Ziwa Mgongo

Mji wetu ni barabara moja. Upande mmoja ziwa, upande wa pili msitu, na katikati nyumba zimejipanga mistari miwili zikitazamana kama ndugu walionuniana. Ukiuita kijiji watu wanakasirika. Ni mji, watakuambia, tuna zahanati, tuna ofisi ya kata, tuna hata taa ya barabarani. Taa yenyewe iliwaka siku ilipozinduliwa, tangu hapo imestaafu.

Hakuna dirisha hata moja linalotazama ziwa. Madirisha yote yanatazama barabara, maana barabarani ndiko wanakopita watu. Ziwa lina nini? Ziwa halitoroki na mke wa mtu. Halirudi jioni na mzigo uliofunikwa vizuri ili tusijue limebeba nini. Kwa hiyo upande wa ziwa tumeweka vyoo, mabanda ya kuku na mashimo ya taka. Wenzetu wa ng'ambo ya barabara wamefanya vivyo hivyo upande wa msitu. Msitu na ziwa vinatazamwa na kuku.

Mtu aliyelijua dirisha kuliko wote ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Watu wanamwita Mama Pazia, kwa sababu pazia lake hutikisika hata siku isiyo na upepo. Aliachiwa na marehemu mumewe nyumba ya wageni: vyumba vitatu, vitanda vya chuma vinavyolia ukipumua, na beseni moja la kuogea lenye ufa. Zamani wageni walikuwepo. Mchuuzi aliyekosa gari, mkaguzi wa shule, fundi wa minara. Halafu seremala wa ng'ambo ya barabara akajenga vyumba vyake, vinanukia vanishi, kila kimoja na kioo cha kujitazama mwili mzima. Wageni wakavuka barabara. Shangazi akawa anawaona kupitia pazia wakivuka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Ana mwana mmoja tu, yuko mji mkubwa na mkewe. Huyo mkewe ndiye aliyetuma maneno: kama hadi mvua zinakatika nyumba bado tupu, shangazi aifunge akakae kwao. Ameandaliwa mahali, kwenye chumba cha kuwekea vitu. Shangazi alishawahi kukaa huko kidogo.

"Kule hata chumvi naomba," alimwambia baba. "Nikifunua sufuria, mkwe anakohoa. Nikiifunika, anakuja kuifunua aone nimefunua nini."

"Ni mwanao, dada."

"Mwanangu nampenda. Jiko sio lake."

Basi ikaja habari kutoka ofisi ya kata kwamba wataalamu wa samaki watakuja kukaa msimu mzima kulichunguza ziwa. Mji ulicheka. Mtu anasomea samaki? Lakini watalala, watakula, na wakifikia kwa shangazi, shangazi haendi kwa mkwe. Mmoja wao angetangulia, alale siku moja kwa shangazi na siku moja kwa seremala, achague.

Shangazi alisugua sakafu mpaka ikabadilika rangi. Choo alikipaka chokaa na kukimwagia majivu. Choo hicho kilikuwa nyuma ya nyumba, na kina kasoro: mumewe alipokijenga, matofali yalimwishia upande wa ziwa, ukuta ukaishia kifuani. Akasema yanatosha, nani atakuja kumchungulia mtu huko, kambale?

Mgeni akafika, mama wa makamo mwenye viatu vya matope na darubini shingoni. Akanywa chai, akauliza choo kiko wapi, akaenda. Akakaa. Akakaa tena. Alipotoka, uso umetulia kama mtu aliyetoka kuombewa. Baada ya chakula cha mchana akarudi choo kile kile, akakaa zaidi ya mara ya kwanza.

Shangazi akaacha dirisha la barabara kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Akasimama mlango wa nyuma, mikono kichwani.

"Nimemuua," akasema. "Ni yale maharage."

Mji haukuhitaji kuambiwa. Saa ya alasiri seremala akavuka barabara, kofia mkononi kama anakuja kuhani msiba.

"Pole, dada. Nasikia mgeni anaendesha."

"Umesikia wapi?"

"Nilikuwa nimekaa tu. Kwangu nimeshamwandalia uji mwepesi, akihamia mapema."

"Rudi kwako kabla sijakuandalia wewe."

Mgeni alipoingia chooni mara ya tatu, shangazi alishindwa kuvumilia. Akaenda na kikombe cha maji ya chumvi na sukari, akakohoa kwa adabu nje ya mlango.

"Mwanangu, tumbo linakusumbua sana?"

"Hapana, mama. Sina shida yoyote."

"Sasa unafanya nini humo?"

"Naangalia ziwa."

Shangazi alikitazama kikombe. Kisha akanywa yale maji mwenyewe.

Mgeni akatoka, darubini mkononi. Akasema tangu aanze kazi yake hajaona ziwa zuri kama lile, asubuhi lina ukungu, mchana ndege wamelijaa, na watu wa hapa wanalitazamia chooni. Kwa nini?

"Lipo tu," shangazi akamjibu. "Haliendi popote. Wa kutazamwa ni anayekwenda."

"Mama, sisi kazi yetu ni kulitazama hilo lisilokwenda. Toboa dirisha ukuta wa nyuma, chumba kile kikubwa, tunakuja wote kwako. Kule kwa jirani yako nyuma kuna miti tu, wala sina haja ya kulala huko."

Hapo ndipo lilipokuja jambo gumu. Wa kutengeneza dirisha mjini kwetu ni mmoja tu, na ni yule yule wa uji mwepesi. Shangazi alijifunga kitenge kipya, akavuka barabara mbele ya macho ya mji mzima.

Seremala alimsikiliza, akacheka mpaka akashika meza. "Yaani dada, nitoboe nyumba yako ili wageni wangu waje kwako?"

"Nakuomba kama fundi, sio kama jirani. Kama jirani nakujua. Au nimwambie mgeni fremu ya dirisha hapa hakuna anayeiweza?"

Alikuja. Angefanyaje, na benchi zima la wapiga soga mbele ya karakana yake lilikuwa linasikiliza. Alipima, akagonga, ukuta ukafunguka. Akachungulia kwenye tundu, akatikisa kichwa taratibu.

"Dada, dirisha tayari. Mandhari ya choo nimekuwekea."

Kweli kabisa. Choo kilikuwa kimesimama katikati ya dirisha na ziwa, kimevaa chokaa yake nyeupe kama bwana harusi. Na seremala alilijua hilo kabla hajagonga nyundo ya kwanza, ilionekana usoni.

Choo kivunjwe, sawa. Kiende wapi? Kushoto ukuta wa jirani, kulia ukuta wa jirani. Ilibaki mbele, pembeni mwa barabara. Shangazi alikaa dirishani alasiri nzima, akitazama barabara, na pazia safari hii halikutikisika. Mwishowe akasema, "Chimbeni."

Mji haujawahi kupata burudani kama ile. Benchi la seremala lilisogezwa kidogo ili lielekee vizuri. Shangazi akitoka na kopo la maji, anasalimiwa akienda na anasalimiwa akirudi. "Shikamoo bibi, leo mapema." "Bibi, naona leo hukukawia." Wataalamu walipofika, wao waliamua kuona aibu haina faida, wakawa wanapunga mkono wakienda. Vyumba vyote vitatu vilijaa.

Mvua zilipokatika, mkwe akaja na pikapu kumchukua mama mkwe wake. Alimkuta anatoka chooni, kopo mkononi, anajibu salamu za benchi. Mkwe alifunika mdomo kwa mtandio.

"Shikamoo mama. Kweli mama, mbele za watu hivi? Twende nyumbani. Kwetu choo kiko ndani."

"Marahaba. Na sufuria ziko wapi?"

Mkwe akauvuta mtandio vizuri.

"Kwako nikienda chooni hanioni mtu, ila nikila naonekana. Hapa naonekana nikienda chooni, nikila sionwi na mtu. Nimechagua. Ingia unywe chai, nina wageni."

Mkwe alikunywa chai vikombe viwili kwa sababu ya safari. Kisha akaanza kukaa upande upande. Akatoka nje, akakitazama choo, akalitazama benchi. Seremala, kwa heshima zote, alikuwa ameshawasogeza wenzake benchini ili kila mtu aone bila kubanwa.

"Karibu, shemeji," akasema. "Maji yapo kwenye kopo."

Mkwe akamwambia dereva awashe gari, atajikaza mpaka mbele ya safari. Alipanda magoti yakiwa yamebanana. Shangazi akamwambia asisahau kumsalimia mwanawe, na apite taratibu kwenye yale mashimo ya barabara.