Mlango wa Kibenga

Mwaka ziwa lilipoingia jikoni kwa mama, kule Kibenga ufukweni, mdogo wangu alikuwa Kanada akiondoa ziwa lingine. Sitanii. Alienda kama mkimbizi, akafagia maofisi mpaka akachoka, mwisho akapata kazi kaskazini kabisa, mahali pasipo na barabara, ndege tu, penye ziwa ambalo barafu hulifunika sehemu kubwa ya mwaka. Chini yake kuna almasi. Wenye mgodi walitaka maji yavutwe kwa pampu, lakini kwanza samaki watolewe. Kwa kuwa alikulia kwenye nyavu, wakamchukua.

Mama, aliyeuza mukeke, samaki wa Tanganyika, hadi magoti yakamkatalia, alisikiliza habari hiyo kwenye simu miguu ikiwa juu ya kiti, maji yakipita chini yake. Akauliza kama kweli watu wanatoa ziwa zima sababu ya jiwe la kuvaa kidoleni. Basi waanzie kwangu, akasema.

Mdogo wangu alicheka mpaka akakohoa. Mi sikucheka. Nilikuwa nimechoka kumbembeleza. Majirani walikwishahama, vyura wanalala kwenye sufuria zake, na mimi nina chumba kitupu Musaga, huku mlimani, ambako ziwa unalitazama kwa mbali, na kwa mbali ndiko linakopendeza. Kila Jumapili naenda, kila Jumapili anakataa. Siku moja hasira zilinipanda nikamwambia asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akaniuliza kwa upole, toka lini mkuu ni mimi.

Sababu yake niliijua, ndiyo maana iliniuma. Tulipokimbia kutoka Kongo baba alikuwa safarini. Watu walimwona akirudi, akakuta nyumba tupu, akatoka kututafuta. Hatukuonana naye tena. Kwa hiyo mdogo wangu alipoondoka, mama alimuaga pale Kibenga, kwenye mlango wa mbao wa bluu, akamwahidi kwamba siku atakayorudi atamkuta nyuma ya mlango huohuo. Na kazi ya samaki ikiisha, likizo ilikuwa inamngoja.

Jumapili moja ya mvua maji yalifika kitandani. Simu ikalia. Mama, muuza samaki ni muuza samaki, akataka kujua wa kule wakoje. Mdogo wangu akaeleza kwamba kwenye baridi ile wanakua polepole, mmoja mkubwa anaweza kuwa na umri wa mtu mzima. Wadogo walijaa nyavuni siku za kwanza. Sasa wamebaki wazee, kwenye kina.

"Na ile mizee, inatoka?" mama akauliza.

"Apana, mama. Inashuka na mayi, mupaka mayi inaisha. Tunaiokota kwa matope."

"Ikiwa nzima?"

Wale waliowawahi mapema, akasema, waliwahamishia ziwa la jirani na wanaogelea vizuri. Hawa wa mwisho hawafiki.

Mama alinirudishia simu. Akayatazama maji yanavyocheza na godoro lake. Nilimwonea huruma, hasira zote zikaniisha.

"Tafuta mutu wa kungoa mulango," akaniambia. "Mi nitaenda, lakini tunaenda nayo."

Tuliupandisha Musaga juu ya pikapu, mama amekaa mbele kama bibi harusi. Seremala akaufunga kwenye chumba chake. Ni mfupi, chini umeacha uwazi wa kiganja, na baridi inapita humo kila usiku. Nikilalamika ananiambia nivae soksi.

Mdogo wangu alikuja baada ya miezi. Nilisimama getini na mikono wazi, tangu asubuhi napika, na bwana huyo akanipita kama nguzo ya umeme! Alikuwa ameuona mlango. Akausogelea, akaweka kiganja juu ya rangi ya bluu, akashindwa hata kubisha. Ndani mama akauliza ni nani.

"Ni mi, mama."

"Fungua mwenyewe, baba. Mulango unaijua."