Mgeni Rasmi na Hendeli

Nichekeni tu, maana aibu hii niliitafuta mwenyewe, ila mkifika mwisho mtanyamaza.

Lile gari langu la zamani mnalijua, la enzi za kuwashwa kwa kuzungusha hendeli mbele, mkweche niliouziwa na babu mmoja wa Beltsville. Miezi minne nimelihangaikia: nikasaga valvu, nikabadilisha plagi, na kila Jumapili nikalipima kwenye kilima nyuma ya gereji yangu hapa Laurel, na kila Jumapili likazimikia katikati (mke wangu akaniita fundi wa nusu kilima). Mwisho nikagundua dawa ni kale kafimbo kwenye usukani kanakopanga cheche ipige mapema au ichelewe. Ukikashusha, gari linapanda. Ila kabla ya kupiga hendeli sharti ukarudishe juu, la sivyo injini inairudisha hendeli kinyume kwa nguvu. Hilo nalijua fika.

Sasa sisi Wabongo hata sufuria hatuzindui bila mgeni rasmi. Nikaita watu, nikachoma nyama, nikamteua shemeji Joakimu, kaka wa mke wangu, aliyenipokea uwanja wa ndege nilipofika huku ughaibuni na kunilaza sebuleni kwake mwaka mzima. Kazi yake ni kutunza wazee, kuwanyanyua na kuwaogesha. Anakula kwa mikono yake.

Asubuhi nililipima, likapanda hadi juu. Nikaliacha na kafimbo chini vilevile, ili likiwaka tu lingurume na kupanda mbele ya watu. Nikajiambia, injini ina moto, itawaka.

"Shemeji, hii haina neno?" akauliza, ameshaishika hendeli.

"Zungusha kwa nguvu, mgeni rasmi, usiiogope."

Hendeli ikarudi. Akakaa chini taratibu, watu wakapiga makofi wakidhani ni mbwembwe, na mimi (Mungu anisamehe) nikasema kwenye kipaza sauti, "Jaribu tena."

"Shemeji," akasema kwa sauti ya chini, "umenivunja mkono."

Kifundo cha mkono kilivunjika vibaya, daktari akasema kunyanyua wagonjwa basi tena. Siku hizi analala sebuleni kwangu na kunipokelea simu gerejini, kwa mkono wa kushoto. Hendeli nimeifungia kabatini na sitampa mtu tena, hata mimi siigusi.

Juzi akaniuliza, "Hivi lile gari lilishawahi kupanda kile kilima?"

Nikamwambia halijawahi, nisije nikalazimika kumtajia kafimbo.