Majani ya Bibi

Miaka ile ya ujamaa watu wa maendeleo walifika mpaka kwetu Nshamba. Siasa yenyewe siisemi vibaya. Nyimbo zake niliimba kwa sauti kuliko wasichana wote, na kwa darasa langu la saba niliota kuendesha trekta la kijiji. Ninayemsema ni bwana afya wa kata yetu, aliyeamua kwamba adui wa taifa ni majani.

Kwetu sakafu hutandikwa majani. Wanawake huyakata rweya, kule kwenye uwanda wazi nje ya migomba, wakayabeba kichwani. Yakichakaa hutupwa shambani yakawa mbolea, yakatandikwa mengine. Mgeni huvua viatu akakaa. Yakiwa mabichi yananukia ile mvua ya asubuhi inayotoka ziwani, na mimi kila nikijilaza juu yake nilishukuru, basi tu, bila kupiga magoti. Yalikuwa ya bure. Hayakupandwa na kamati yoyote.

"Nyumba ya mtu si zizi!" bwana afya alitufokea mkutanoni. "Majani ni viroboto! Yote nje!"

Alisema hayo amekaa kivulini, chini ya mti. Sijui alidhani kivuli kile kimeletwa na wizara gani.

Tuliyatoa. Tukabaki na udongo mtupu, eti ndio usafi.

Bibi, mama yake baba, hakuwepo. Alikuwa amelazwa hospitali Bukoba mjini, kisha akapumzika kwa shangazi, mtaa wa Rwamishenye. Akatuma neno kwa kondakta wa basi: narudi Jumamosi, sitaki kuku, sitaki chai, nitandikieni majani mapya nilaze miguu yangu.

Mama na mimi tukaenda rweya kabla umande haujakauka. Bibi alipofika alikaa, akayapapasa, akafumba macho. "Sakafu ya shangazi yako inang'aa kama sahani," akaniambia. "Na baridi yake ni ya sahani vilevile."

Hata hajamaliza kunyoosha miguu, bwana afya huyo mlangoni.

"Ndugu, nilitoa amri," akamwambia baba.

"Vua viatu uingie, mwanangu," bibi akamwambia.

"Sikuja kukaa, mama. Hayo yanaleta magonjwa."

"Mimi nimetoka hospitali, waitu," bibi akajibu kwa heshima ya Kihaya. "Magonjwa nimeyaona kule mengi. Jani sikuona hata moja."

Mama alicheka ndani ya kanga. Baba hakucheka. Baba alimwogopa kila mwenye kalamu mfukoni. "Yatoeni," akasema, akitazama pembeni.

"Basi nitoeni na mimi," akasema bibi. "Yanakokwenda ndiko ninakokwenda."

Tukamtoa kweli. Tukayamwaga chini ya migomba, naye akakaa juu yake kama malkia. Majirani waliokuja kumpa pole wakamfuata hukohuko na vikapu vyao vya kahawa ya kutafuna, wakamzunguka, wakacheka. Bwana afya, aliyekuwa ameingia kukagua, akabaki ndani ya nyumba safi, peke yake, hana wa kumhutubia.

Kisha mvua ikaanza kudondoka.

"Mama, ingia ndani," baba akamwambia bibi. "Utaugua tena."

"Pale kwenye udongo? Siingii."

Matone yakazidi kuwa makubwa. Bibi akajifunika kitenge kichwani, akaendelea kutafuna kahawa yake. Baba akamtazama, akainama, akakumbatia majani kifua kizima. Mwanamume, kazi ya wanawake, mbele ya majirani! Akaelekea mlangoni.

"Ndugu, amri ile..."

"Pisha."

Akapisha. Hakupisha tu, alitoka nje kabisa. Tukatandika upya, bibi akalaza miguu yake, na majirani wakajazana ndani wamelowa, wakicheka.

Bwana afya alisimama upenuni, viatu miguuni, mpaka mvua ikaisha. Mbele yake migomba yetu ilikuwa inakunywa maji, kijani juu ya kijani. Sidhani kama aliona kitu.