Ndege ya Kwenda na Kurudi Siku Hiyohiyo

Kwetu kijijini Nyarero mama hawezi kulala kwenye nyumba ya mume wa binti yake. Anaweza kwenda, akashinda na mwanawe, wakala, wakacheka, lakini jua likianza kushuka anashika njia ya kurudi. Desturi hii haikuwahi kutupa shida mpaka dada yangu alipoolewa Vienna.

Mume wake, mtu wa huko Vienna, alikuja kwetu miaka ile dhahabu ilipowatoa watu mashambani. Alikuwa akiendesha mtambo wa kuchoronga miamba. Alitoa ng'ombe kama mwanamume mwingine yeyote, na kwa ng'ombe hao mimi nikaoa. Kwa hiyo, kati ya ndugu zetu wote, mwenye wajibu wa kumfuata dada popote alipo ni mimi.

Moyo ulipoanza kumsumbua dada, daktari alimkataza kusafiri kwa ndege. Mama akaniita.

"Nipeleke nimwone. Lakini kwa mkwe silali."

"Kule kuna hoteli, mama."

"Nina binti katika mji ule, halafu nilale kwa watu nisiowajua? Unataka aonekane hana mama?"

Ilibaki njia moja: ndege inayofika asubuhi, na nyingine inayoondoka jioni ya siku hiyo.

Wakati huo nilikuwa fundi wa makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Mashine zikipumzishwa nilikaa juu ya kiroba cha mawe na simu yangu, nikajifunza safari za ndege kama nilivyojifunza ufundi, polepole na bila mwalimu. Vijana wa machimboni hawakuniacha.

"Fundi, dhahabu imelipuka wapi tena? Tutajie tuhame!"

"Vienna."

"Shimo lake lina maji?"

Walicheka, nami nikaendelea kusoma. Kupitia Mwanza na Dar es Salaam, kisha Uarabuni, tungefika mchana na ndege ya kurudi ingekuwa karibu kuruka. Kupitia Uturuki tungefika jioni. Njia iliyofaa ilikuwa kuvuka mpaka pale Sirari, kwenda Nairobi kwa basi, kisha Addis Ababa. Ndege ya huko ilitua Vienna alfajiri, na ya kurudi iliondoka usiku ukianza kuingia.

Msichana wa ofisi ya tiketi pale Nairobi alinitazama, akamtazama mama.

"Mzee, watu huniomba nipunguze masaa ya kungoja njiani. Wewe unapunguza ya kule mnakoenda? Huyu mama anaenda kushinda tu?"

"Kushinda tu," nikamjibu.

"Ulaya?"

Mama, aliyekuwa amekaa na kikapu chake, akamwambia, "Na wewe mama yako akija kwako, analala?"

Binti yule alicheka, akatukatia tiketi.

Dada alitupokea uwanjani, amekonda, koti limemzidi. Alipiga goti mbele ya mama, watu wakimpita na masanduku yao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mkwe yuko wapi?"

"Nje, kwenye gari. Anasema asikusumbue."

"Amekula?"

"Amekula."

"Basi."

Kwa kuogopa kuachwa na ndege, tulikaa kwenye bustani ndogo iliyo karibu na uwanja. Mama alifungua kikapu, akatoa ugali wa wimbi, yaani ulezi, aliokuwa ameufunga vizuri kwenye majani, na dada akaula ukiwa baridi, amefumba macho. Alituambia kwamba hakulala usiku kwa kuogopa kuchelewa kutupokea. Mimi nilikuwa nimepanga mengi moyoni: habari za mashamba, za marehemu baba, na swali moja ambalo sikuwahi kuliuliza kwa simu, kama ana furaha.

Alipomaliza kula aliweka kichwa kwenye mapaja ya mama. Dawa zake na uchovu vilimtia usingizini papo hapo. Jua lilipanda, nikainama kumgusa bega. Mama alinizuia mkono.

"Usimwamshe."

"Mama, siku ni hii tu."

"Naijua. Mwache."

Akavua kanga yake ya juu, akamfunika. Tulikaa hivyo. Vivuli vya miti vilihama kutoka upande mmoja wa benchi hadi mwingine, na mama hakubadilisha hata mkao wa miguu.

Dada aliamka jua limeshaegemea. Aliangalia anga, akaanza kulia. "Kwa nini hamkuniamsha?"

"Nimekuona," mama alisema. "Hivyo ulivyolala, nimekuona."

Tulitembea hadi mlango wa abiria. Swali langu sikuliuliza. Lilikuwa refu kuliko muda uliobaki.

Ndani ya ndege mama alikaa muda mrefu na mkanda umefungwa, mikono juu ya mapaja, pale pale kichwa cha dada kilipokuwa. Kisha akanigeukia.

"Katika ndege zote ulizosoma, hakuna inayofika kule mapema zaidi?"

"Hii ndiyo inayofika mapema kuliko zote, mama."

Aliitikia kwa kichwa. Baadaye kidogo akasema, "Tafuta tena."